Maandishi ya kale kwenye kuta za stesheni: nianze kuyasoma wapi?

Mkusanya Kuta

Wakuu, habari zenu. Napanga kumbukumbu ya maandishi na alama za zamani kutoka stesheni za reli za nchi mbalimbali. Kila picha inatakiwa ijibu mambo matatu: imeandikwa nini, iliandikwa lini, na mwandishi alikuwa mtu wa shughuli gani. Hizi tano zimenikwamisha.

Picha ya 1, Uingereza. Jiwe la kona ya jengo limechongwa mstari mlalo wa sentimita 10. Chini yake kuna mikato mitatu inayokutana juu, mfano wa unyayo wa kuku. Leo alama iko sentimita 12 tu juu ya lami ya jukwaa. Nimeambiwa ni alama ya wafungwa.

Picha ya 2, jengo hilohilo, upande wa jukwaa. Nje ya chumba cha kusubiria matofali mekundu 14 yana vishimo vya mviringo vyenye upana wa sarafu, kina hadi sentimita 2. Cha chini kabisa kiko sentimita 95 kutoka kwenye lami, cha juu kabisa 140. Je, ni risasi?

Picha ya 3, ndani, nyuma ya mlango. Mwandiko wa zambarau kwenye plasta, umechuruzika. Mstari wa kwanza unasomeka "1/4" na herufi tatu, mbili za mwanzo zikiwa R na W. Wa pili "2013", kisha kitu kama tarakimu mbili zilizofutika. Wa tatu "14.8.1" na tarakimu ya mwisho ni 5 au 8. Hiyo 1/4 ni Aprili mosi?

Picha ya 4, Italia. Herufi "US" nyeusi juu ya mraba mweupe, na mshale unaoelekea chini. Nimeiweka kwenye kundi la majeshi ya Marekani.

Picha ya 5, Marekani. Mguu wa mbao wa tangi la maji la injini za mvuke. Umechongwa kwa kisu jina la utani, mshale, "W.B." na "8-14-09".

Picha zote zimepigwa mchana kwa mwanga wa mbele. Kuna nafasi ya kupiga upya hizo tatu za Uingereza. Nibadilishe nini?

Mwashi wa Zamani

Mkuu, mbili kati ya hizo tano si maandishi ya wapita njia kabisa, na hapo ndipo wengi hupotelea. Stesheni ni mahali pa kazi. Mpima ardhi, mwashi, seremala, mpanga mabehewa, wote waliacha alama wakiwa kazini. Kwa hiyo kabla hujauliza alama inasemaje, uliza ilikuwa kazi ya nani.

Picha ya 1 ni alama ya kimo ya wapima ramani wa Ordnance Survey, idara ya ramani ya Uingereza. Kipimo chenyewe ni ule mstari mlalo. Mshale unaonyesha tu mstari ulipo. Mshale huo ulikuwa alama ya mali ya serikali ya Uingereza na ulichapwa hata kwenye sare za wafungwa, ndiyo maana umeambiwa hivyo. Upimaji wa kwanza wa nchi nzima wa aina hii ulifanyika kati ya 1840 na 1860, na mwingine ulifuata baadaye, kwa hiyo umbo la alama peke yake halikupi mwaka.

Ila usiitupe picha hiyo, maana inaweza kukusaidia kuliko zote. Orodha ya alama hizi ipo wazi kwa umma, na kwa alama nyingi inataja mwaka wa kupimwa pamoja na kimo chake kutoka ardhini wakati huo. Tuseme yako imeandikwa mita 0.5 nawe leo unapima sentimita 12. Maana yake jukwaa limeinuliwa sentimita 38 tangu mpimaji alipopita. Majukwaa ya mwanzo yalikuwa ya kimo kidogo na mengi yalipandishwa baadaye, na kila tabaka la lami linaongeza kidogo. Hapo unapata kipimo cha kupimia kila kitu kingine kwenye ukuta huo: ukipima kutoka kwenye lami ya leo, ongeza 38 upate kimo kutoka kwenye sakafu ya zamani.

Picha ya 4 itoe kwenye kundi la Wamarekani. Hiyo US ni kifupi cha Kiitaliano, uscita di sicurezza, yaani mlango wa dharura wa handaki la kujikinga na mabomu. Ilipakwa ili waokoaji wajue pa kuchimba jengo likiporomoka. Ukiona R ni ricovero, handaki lenyewe. I ni bomba la maji ya kuzimia moto. P ni kisima. Ujerumani wenzao waliandika LSR kwa handaki, na Uingereza utakuta EWS, akiba ya maji ya kuzimia moto. Zote hizi hupakwa kwa karatasi ya kukata herufi au kwa brashi ya mtu mwenye mazoezi: ukubwa ni uleule, kingo zimenyooka, na alama hujirudia sehemu nyingine za mji.

Ukifika kwenye mabehewa ya Ufaransa utakuta "Hommes 40, Chevaux 8". Hiyo nayo ni rasmi, watu 40 au farasi 8, uwezo wa behewa. Maandishi ya askari ni yale ya chaki kando yake, kama "À Berlin" (twende Berlin) ya Agosti 1914, na kwa upande wa Wajerumani "Nach Paris" (twende Paris).

Alama za waashi ni mistari michache iliyonyooka ya patasi, karibu haina mikunjo, na hujirudia jiwe baada ya jiwe. Alama moja inaweza kuwa imelala au kupinduka kwa sababu ilichongwa kabla jiwe halijajengwa. Kwenye mbao za paa utaona I, II, III, IIII za maseremala. Nne huandikwa IIII, maana IV ikipinduliwa huchanganywa na VI. Watu huzisoma kama hesabu ya siku za kifungo. Si hivyo, ni namba za kuunganishia mbao.

Fundi wa Mwanga

Nijibu la kupiga upya. Mwanga wa mbele unaua mchongo wowote. Unachotaka ni tochi inayopita karibu sambamba na ukuta.

Funga kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, lenzi itazame ukuta moja kwa moja, ISO 100, kipenyo f/8, faili ghafi, na tumia saa ya kuchelewesha sekunde 2 ili kidole kisitikise. Weka rula ya sentimita 10 kando ya maandishi, isiyafunike. Tochi ikae mita 1 kutoka kwenye maandishi na sentimita 17 mbele ya ukuta. Hapo pembe ni kama digrii 10. Kwa pembe hiyo ukingo wenye kimo cha milimita 1 hutupa kivuli cha karibu milimita 6. Kwa digrii 45 kivuli kinakuwa milimita 1 tu. Ukishuka chini ya digrii 5 mchanga na vinyweleo vya tofali navyo vinatupa vivuli na herufi inazama humo.

Sasa jambo ambalo ndilo huzaa usomaji mwingi wa uongo: mfuo unaokwenda sawa na mwanga haupati kivuli. Mwanga ukitoka kushoto, kila mkato wa mlalo unafifia. Tarakimu 4 inabaki kama 1 yenye mkono mdogo, E inakuwa I, H inakuwa vijiti viwili. Mwanga ukitoka juu, mikato ya wima ndiyo inayopotea. Piga kutoka pande 8, kama saa iliyogawanywa kila saa moja na nusu, na usikubali tarakimu yoyote kwa picha moja. Kisha andika kwenye jina la faili mwanga ulitoka wapi. Jicho la binadamu limezoea mwanga wa juu. Picha iliyomulikwa kutoka chini inageuza mfuo uonekane kama mshipa uliovimba.

Ukitaka zaidi, kuna RTI, mbinu ya kuunganisha picha nyingi. Kamera haisogei, unaweka vitufe viwili, yaani mipira midogo myeusi inayong'aa, pembezoni mwa fremu, unapiga picha 40 hadi 60 ukihamisha tochi, huku uzi wa urefu mmoja ukilinda umbali usibadilike. Urefu wa uzi uwe mara 2 hadi 4 ya upana wa unachopiga. Programu inasoma nuru kwenye vile vitufe, nawe unahamisha mwanga kwenye kompyuta upendavyo. Inayoharibu kazi hii karibu kila mara ni stendi kusogea. Ikigongwa kwenye picha ya 30, anza upya.

Rangi iliyofifia, si mchongo, ijaribu kwenye DStretch, programu ya kukoleza rangi kwenye picha. Ilitengenezwa kwa michoro ya mapangoni lakini inafanya kazi vizuri kwenye herufi za rangi. Anza na mpangilio wake wa YRE kwa nyekundu na YBK kwa nyeusi. Usiongeze nguvu mpaka madoa ya unyevu nayo yaanze kuwa herufi.

Kama treni bado zinapita: usipige flashi kuelekea kwa dereva, na achana na fimbo ndefu ya kamera. Waya za juu mara nyingi zina volti 25,000, na umeme huo unaruka hewani bila kuguswa.

Daftari la Askari

Picha ya 3 ndiyo tamu kuliko zote, kwa sababu maswali yako mawili yamefungana.

Kwanza 1/4 si tarehe. Ikifuatiwa na kifupi cha rejimenti ni mstari wa kwanza wa batalioni ya 4 ya jeshi la akiba la Uingereza, Territorial Force. Vita vilipoanza 1914 batalioni hizi zilijigawa: 1/4 ya kwenda vitani, 2/4 ya kuijazia, na kuendelea. Herufi ya tatu ina uzito mkubwa. R.W.F. ni Royal Welsh Fusiliers na R.W.K. ni Royal West Kent, na zote mbili zilikuwa na batalioni ya 4 ya aina hiyo. F na K zinatofautiana zaidi kwenye mguu wa chini wa kulia, kwa hiyo angalia hapo kabla ya kwingine.

Sasa namba. Hadi mwisho wa 1916 askari wa Territorial Force walikuwa na namba fupi za batalioni, mara nyingi tarakimu nne. Mwanzoni mwa 1917 walipewa namba mpya za tarakimu sita, na katika rejimenti nyingi batalioni ya 4 ilianzia 200001. Kuanzia 1920 jeshi zima likaingia mfumo mwingine, namba za tarakimu saba.

Hivyo una njia mbili, kila moja inajikamilisha yenyewe. Kama namba ni 2013 tupu na zile mbili za mwisho ni uchafu au nukta na mstari, inalingana vizuri na 14.8.15. Kama ni 2013 na tarakimu mbili zaidi, iko ndani ya kundi la batalioni ya 4 na haiwezi kuwa 1915. Lazima iwe 14.8.18. Usomaji wa namba ya tarakimu sita pamoja na mwaka 1915 haupo. Mtu akikuletea mchanganyiko huo, kuna mahali amekosea.

Angalizo: matawi mengine ya jeshi yalikuwa na namba ndefu mapema, kwa mfano wachukuzi wa Army Service Corps walioweka herufi mbele ya namba. Kanuni hii itumie kwa askari wa miguu wa akiba tu. Na ikitokea ni 1918, kumbuka batalioni nyingi za mstari wa kwanza zilikuwa ng'ambo. Mtu wa 1/4 aliye nyuma ya mlango wa stesheni ya nyumbani katikati ya Agosti ana uwezekano mkubwa wa kuwa likizoni, au akirudi kutoka hospitali, kuliko kuwa safarini na kikosi kizima.

Mkusanya Kuta

Asanteni sana, sikuwaza kabisa kwamba namba na mwaka vinashikana. Maswali mawili ya nyongeza. Ule mwandiko wa zambarau, nikiuloweka kidogo rangi haitakolea? Na herufi zilizochongwa, nizijaze chaki ili zisomeke kwenye picha?

Tofali na Chokaa

Hapana kwa yote mawili, tafadhali sana.

Hiyo zambarau ni penseli ya kunakilia. Kiini chake cha kuandikia ni mchanganyiko wa grafiti, udongo na rangi ya anilini. Ikiwa kavu inaonekana kijivu kama penseli ya kawaida. Ikipata maji inageuka wino wa zambarau na kusambaa. Zilianza kutumika miaka ya 1870 na zilidumu hadi katikati ya karne ya 20. Michuruziko unayoiona inaonyesha maji yalishapita, labda ukuta ulipofutwa kwa kitambaa. Tone lingine na ile tofauti ya 5 na 8 inakwenda moja kwa moja.

Dawa yake ni infraredi. Tafuta kamera iliyoondolewa kizuizi cha infraredi, weka filta ya nanomita 850. Rangi ya anilini inakuwa kama haipo, wakati grafiti inabaki nyeusi. Doa linayeyuka kwenye picha na mkwaruzo wa awali wa penseli unabaki pale ulipopita, kama haujaoshwa wote. Halafu ongeza tochi ya pembeni, maana penseli ngumu huacha mbonyeo kwenye plasta ya chokaa. Kwenye tarakimu 5 kuna mahali mkono uliinuka au kugeuka kwa pembe kali pale juu. 8 ni mzunguko mmoja usiokatika. Tafuta pembe hiyo, usitafute umbo zima.

Chaki inajaza kile unachoamini kipo. Ukipitisha chaki kwenye ufa, ufa unakuwa mguu wa herufi, na anayefuata atasoma chaki yako badala ya ukuta. Vumbi lake linaingia kwenye vinyweleo vya jiwe na halitoki bila brashi, na brashi inaondoka na ukingo wa mfuo. Kupaka penseli juu ya karatasi ni vilevile: plasta dhaifu inabanduka. Wala usikwangue rangi za zamani kutafuta herufi chini yake, kwani nyingi zina madini ya risasi na vumbi lake ni sumu.

Vile vishimo si risasi. Risasi hutoboa kreta yenye mipasuko inayotawanyika, upana mkubwa kuliko kina, na hazichagui kimo. Zingekuwa hata juu ya dirisha. Vyako vimekusanyika panapofikiwa na mkono, tena mahali watu waliposimama kungoja treni. Hivyo ni vishimo vya sarafu iliyozungushwa na kuzungushwa kwenye tofali laini. Mulika ndani: utaona mikwaruzo ya duara, kuta laini, na tako la mviringo kama kikombe. Tofali gumu la buluu halikubali kazi hiyo, kwa hiyo ukuta wenye aina zote mbili utakuwa na vishimo kwenye jekundu tu.

Unganisha na hesabu ya Mwashi. Kama jukwaa limepandishwa sentimita 38, vishimo vya 95 hadi 140 vingekuwa 133 hadi 178 kutoka kwenye sakafu ya zamani, yaani kifuani hadi juu ya kichwa cha wengi. Kuzungusha sarafu kwa nguvu mkono ukiwa juu ya macho kunachosha haraka. Kwa hiyo vingi vina dalili ya kutobolewa baada ya jukwaa kuinuliwa. Ukipata mwaka wa kuinuliwa kwenye ramani za kampuni, una kikomo cha juu cha umri wake.

Angalia pia kama tofali lenyewe limeganduka uso. Lililozibwa viungo kwa saruji badala ya chokaa linalazimika kutolea unyevu usoni pake, chumvi inalipasua na linaacha mashimo yasiyo na duara. Hayo si ya mtu.

Ukikuta herufi kwenye tofali, jua kwanza kama ziliandikwa kabla ya kuchomwa. Zilizoandikwa kwenye udongo mbichi zina kingo zilizovimba kidogo, na ngozi ya moto inaendelea hadi ndani ya mfuo. Zilizokwaruzwa baadaye zimevunja ngozi hiyo, na ndani kuna rangi hafifu ya chengachenga. Za kwanza ni za kiwandani, na huenda tofali halikuwa limefika stesheni.

Kisu na Mshale

Picha ya 5 haijaguswa. Usiifungulie kamusi ya alama za siri za wazururaji, ile ya paka akimaanisha mama mwenye huruma. Ushahidi kwamba ilitumika kwa upana kama inavyosimuliwa ni mdogo. Kilichoandikwa kweli kwenye matangi ya maji ni hichi ulichonacho: jina la utani, tarehe na uelekeo. W.B. ni kuelekea magharibi, wakati mwingine hupinduliwa ikawa B.W. Mshale unasema hilohilo. Tangi lilikuwa ubao wa matangazo kwa sababu treni ya mvuke ililazimika kusimama pale. Tarehe inaanza na mwezi, na yako haina utata kwa sababu hakuna mwezi wa 14. Ingekuwa 8-4, ungelazimika kutafuta nyingine kwenye nguzo hiyohiyo uone desturi yake.

Kuhusu 09 kuwa 1909 au 2009, hesabu rangi. Piga picha ya karibu sana ya ukingo wa mfuo. Kama kisu kimekata tabaka mbili za rangi na juu yake, ndani ya mfuo, kuna tabaka tatu, mchongo umekaa kati ya tabaka la pili na la tatu. Michirizi ya kutu kutoka kwenye pete za tangi nayo inasaidia: ikipita ndani ya mfuo bila kukatika, mfuo ulitangulia.

Vifaa vina tarehe zake pia. Rangi ya kopo la kupuliza haiwezi kutangulia 1949, na kalamu nene za wino wa kudumu zilienea kuanzia 1953. Jina lenye namba kwenye reli za chini ya ardhi za New York, kama TAKI 183 aliyeandikwa na gazeti 1971, namba ni mtaa aliotoka, si mwaka. Na Japani au Taiwan usisome mwaka kabla ya kujua kalenda: Showa 20, yaani mwaka wa 20 wa enzi ya mfalme wa Japani, ni 1945, na mwaka 45 wa Jamhuri ya China ni 1956.

Kwenye kumbukumbu yako andika mistari mitatu tofauti kwa kila picha: kinachoonekana, kinachosomwa, kinachodhaniwa. Tumia kanuni za Leiden: mabano ya mraba kwa kilichopotea, nukta chini ya herufi yenye shaka, mabano ya kawaida kwa kirefu cha kifupi. Picha ya 3 kwa sasa ni "1/4 RW[.] | 2013[..] | 14.8.1[.]", na hiyo 5 au 8 ikae kwenye mstari wa dhana hadi infraredi ipatikane. Wape watu wawili waisome kila mmoja peke yake, bila kuwaambia habari ya namba na mwaka. Wakishajua, jicho litaona wanachokitaka.